Mpira umetua mita 40 mbele baada ya sekunde 2.5: msukumo wa mguu unapatikanaje bila kujua kani?

PembeNyoofu

Wakuu habari za muda huu. Kuna swali la fizikia limenikalia kooni. Mpira wenye tungamo la 0.43 kg umetulia chini. Mchezaji anaupiga, unapaa, unadunda kwa mara ya kwanza mita 40 kutoka pale ulipopigwa, sekunde 2.5 baada ya teke. Tafuta msukumo ambao mguu uliupa mpira.

Fomula ninayoijua mimi ni msukumo = kani × muda wa kugusana. Kani sijapewa. Muda ambao mguu uligusa mpira sijapewa. Hata pembe sijapewa! Hizo sekunde 2.5 ni za angani, mguu ulishaachana na mpira zamani. Rafiki yangu amechukua uzito wa mpira, 4.2 N, akazidisha kwa 2.5 akapata 10.5. Nikamuuliza kwa nini, akasema "ndiyo kani pekee iliyopo". Hilo jibu lina maana yoyote au ni kubahatisha?

MizaniMbili

Karibu mkuu. Rafiki yako usimcheke bado, nitamrudia, 10.5 yake si takataka.

Msukumo una njia mbili za kuupata. Ya kwanza ni hiyo ya kani mara muda. Ya pili ni badiliko la momenta, yaani tungamo mara badiliko la kasi. Zote zinafika kwenye namba moja. Swali limekufungia njia ya kwanza makusudi ili upite ya pili. Mpira ulikuwa umetulia, kwa hiyo badiliko lote la kasi ni ile kasi ulioondoka nayo mguuni. Ukiipata unazidisha kwa 0.43, kazi imekwisha.

Na kasi hiyo umeshapewa, imejificha tu ndani ya mita 40 na sekunde 2.5. Tuiweke hewa kando kwa sasa. Mpira ukishatoka mguuni hakuna kinachousukuma mbele wala kuuvuta nyuma, kwa hiyo kasi yake ya mlalo ni ile ile mwanzo hadi mwisho: 40 ÷ 2.5 = 16 m/s. Wima ndiko mvutano wa dunia unakofanya kazi, unakula 9.81 m/s kila sekunde. Mpira umetoka chini na kurudi chini, basi nusu ya muda ulikuwa unapanda na nusu unashuka. Kama sekunde 1.25 zilitosha kuimaliza kasi ya wima, kasi hiyo ilianza na 9.81 × 1.25 = 12.26 m/s.

Zidisha kila moja kwa tungamo. Mlalo: 0.43 × 16 = 6.88 N·s. Wima: 0.43 × 12.26 = 5.27 N·s. Msukumo ni vekta, kwa hiyo hujumlishi kichwa kichwa, unatumia Pythagoras: kipeuo cha pili cha (6.88² + 5.27²) = 8.67 N·s. Tanjenti ya pembe ni 5.27 ÷ 6.88 = 0.766, sawa na nyuzi 37.5 hivi kutoka ardhini. Pembe uliyokuwa unaililia imejileta yenyewe.

Sasa rafiki yako. Uzito mara muda wa angani ni msukumo kweli, ila ni ule ambao dunia iliupa mpira njiani. Mpira uliondoka na 12.26 kwenda juu, ukarudi na 12.26 kwenda chini, kwa hiyo badiliko la kasi ya wima ni mara mbili ya 12.26. Ndiyo maana namba yake ni mara mbili kamili ya 5.27. Angeigawa kwa mbili angekuwa na sehemu ya wima ya teke mkononi, halafu abaki kuitafuta ya mlalo.

PembeNyoofu

Daah, mkuu, nimeelewa. Ila kuna kitu kinanikera. Mguu ulipokuwa umeugusa mpira, mvutano nao si ulikuwepo? Haukuzima. Mbona hatukuuhesabu?

MizaniMbili

Haukuzima. Lakini mguu hukaa na mpira kwa takriban sehemu moja ya mia ya sekunde. 4.2 × 0.01 = 0.04 N·s. Weka kando ya 8.67, ni nusu asilimia. Futi na saa yako haviwezi hata kuiona.

Straika_Mstaafu

Nyie watu wa karatasi mnanifurahisha. Mimi nimepiga mipira uwanjani miaka mingi. Hakuna mtu anayejua mpira wake umekaa hewani sekunde 2.5 na si 2.3 au 2.7. Ukiona mguu unagusa, kidole chako kwenye stopwochi tayari kimechelewa. Ukiona umedunda, kimechelewa tena. Hesabu nzuri juu ya vipimo vibovu ni ubovu ule ule uliovaa suti.

Kokotoa

@Straika_Mstaafu hoja yako ni ya haki, kwa hiyo tuijaribu badala ya kubishana. Chukua hizo hizo 2.3 na 2.7.

Sekunde 2.3: mlalo 17.39, wima 11.28, kasi nzima 20.7 m/s, msukumo 8.91 N·s.
Sekunde 2.7: mlalo 14.81, wima 13.24, kasi nzima 19.9 m/s, msukumo 8.54 N·s.

Umekosea muda kwa asilimia 8 kila upande, na msukumo umetikisika kwa asilimia 3 au chini. Sababu ni tamu: ukirefusha muda, sehemu ya mlalo inapungua huku ya wima inaongezeka, moja inafidia nyingine. Anayejua kutafuta mteremko wa fomula atakuta kwamba kwa teke la nyuzi 45 kosa dogo la muda haligusi kasi kabisa. Kadiri teke linavyokaribia 45, ndivyo stopwochi inavyosamehewa.

Kitakachoyumba ni pembe. Kwa 2.3 unapata nyuzi 33, kwa 2.7 unapata karibu 42. Kwa hiyo anayetaka ukubwa wa msukumo alale usingizi, anayetaka mwelekeo asilale.

Na kuna zaidi. Tupa stopwochi kabisa, baki na futi. Kwa umbali wowote R, kasi ndogo kuliko zote inayoweza kuufikisha mpira pale ni ya pembe ya 45, ambapo v² = gR (v ni kasi, g ni ile 9.81 ya mvutano). Kwa mita 40 ni 19.8 m/s. Maana yake, bila kujua muda wala pembe, unaweza kuapa kwamba msukumo haukuwa chini ya 8.5 N·s. Teke la chini zaidi au la juu zaidi lingehitaji nguvu zaidi kufika pale pale.

Straika_Mstaafu

Hapo sawa, nimekusoma. Lakini mita 40 mpime mpira ulipodunda MARA YA KWANZA. Nimeona vijana wanapima ulipoishia kuviringika.

SikioMoja

Kuhusu kidole kuchelewa, kuna njia ya bure. Washa kinasa sauti cha simu. Teke lina mlio, kudunda kuna mlio, unafungua rekodi kwenye programu yoyote inayoonyesha mawimbi na kusoma muda kati ya milio miwili. Unapata mpaka sehemu za mia za sekunde bila kidole chochote.

Mtego mmoja tu: usisimame kwa mpigaji. Mlio wa kudunda unatoka mita 40 na sauti inasafiri takriban mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo utaufikia baada ya sekunde 0.12, wakati mlio wa teke umeusikia papo hapo. Muda wako utakuwa mrefu kuliko ukweli. Weka simu mahali palipo na umbali sawa kutoka mwanzo na kutoka unapotegemea mpira utadunda. Milio yote miwili itachelewa sawa na kosa litajifuta.

HewaNzito

Nimesoma uzi kwa utulivu, mmeongea vizuri, lakini wote mnapigana na sisimizi wakati tembo amekaa sebuleni. Mmesema "tuiweke hewa kando" halafu hakuna aliyeirudia.

Mpira wa miguu ni mkubwa na ni mwepesi. Kwa kanuni za mchezo unatakiwa uwe na mzingo wa sentimita 68 hadi 70 na uwe na gramu 410 hadi 450 mechi inapoanza. Nusu kipenyo ni kama sentimita 11, eneo linalokutana na hewa ni karibu mita za mraba 0.038. Kwa kasi ya 20 m/s, tukichukua kigezo cha ukinzani cha 0.25, hewa inaurudisha nyuma kwa kani ya 2.3 N. Uzito wake ni 4.2 N! Yaani kitu mnachokiita kidogo ni zaidi ya nusu ya uzito.

Nimekokotoa safari hatua kwa hatua, kila robo sekunde napunguza kasi kwa mvutano na kwa hewa. Ili mpira utue mita 40 baada ya sekunde 2.5 kweli kweli, unapaswa kuondoka mguuni na karibu 26 m/s. Msukumo unakuwa karibu 11 N·s. Ile 8.67 imekosa sehemu ya tano nzima ya ukweli, na hilo si kosa la stopwochi. Ukipima mara elfu utapata 8.67 mara elfu.

Hata pembe imewadanganya. Inatoka nyuzi 33 hivi, si 37.5, kwa sababu hewa imeila zaidi kasi ya mlalo na njia imekuwa na mgongo: mpira unapanda kwa ulalo kisha unashuka kwa kusimama zaidi.

MizaniMbili

HewaNzito, sikupingi kwenye namba. Napinga namna ulivyoileta. Kijana ameuliza swali la darasani, na swali la darasani lisilotaja hewa linajibiwa bila hewa. Akiandika 11 N·s kwenye karatasi ya mtihani atakosa alama, na msahihishaji hatakuwa na kosa.

Pia angalia: kosa lako lina mwelekeo mmoja. Hewa siku zote inapunguza. Kwa hiyo 8.67 inabaki na thamani yake kama sakafu, kama alivyosema Kokotoa. Msukumo wa kweli uko juu yake.

HewaNzito

Kwenye mtihani nakubali. Kwenye sakafu nakubali nusu. Kuna kitu kinaweza kuitoboa hiyo sakafu: mzunguko. Ukiukata mpira chini ukazunguka kinyumenyume, hewa inaunyanyua, ile tunayoita athari ya Magnus. Unaelea. Muda wa angani unarefuka, na fomula yenu, ambayo inadhani muda wote huo ulinunuliwa na kasi ya wima, inamsifia mguu kwa kazi iliyofanywa na hewa. Mpira ukizungushwa kwenda mbele unatokea upande wa pili, unazama mapema.

Hadithi fupi kwa wanaopenda historia. Benjamin Robins mwaka 1742 alieleza kipimo kinachopita njia hii kwa kinyume. Alifyatua risasi kwenye kipande kizito cha mbao kinachoning'inia, akapima kilivyobembea, akapata momenta ya risasi, na kutoka hapo kasi yake. Halafu akasogeza mbao mbali na bunduki, akarudia. Tofauti ya kasi ilimwonyesha kwamba hewa inairudisha risasi nyuma kwa kani inayozidi uzito wake mara nyingi sana. Kabla ya hapo walikuwepo wengi waliohesabu njia ya risasi kama parabola safi, kwa imani ile ile ya humu ndani.

PembeNyoofu

Sasa mmenichanganya kidogo wakuu 😅 Mwalimu wetu anataka tufanye na jaribio la vitendo, tupige mpira halisi na kuripoti msukumo. Nitumie njia gani? Ya mita na sekunde, au nianze kukokotoa hewa robo sekunde robo sekunde?

Kokotoa

Una njia mbili za kumkwepa tembo wa HewaNzito bila kukokotoa chochote kigumu.

Ya kwanza, piga polepole na karibu. Ukinzani unakwenda na mraba wa kasi na unahitaji umbali ili ujikusanye. Teke la mita 10 hadi 15 lina kosa dogo zaidi kuliko la mita 40. Halifuti kosa, linalipunguza.

Ya pili ndiyo ningeichagua mimi: usisubiri mpira utue. Rekodi video ya mita mbili za mwanzo. Simu nyingi zina mwendo taratibu wa fremu 240 kwa sekunde. Mpira wa 26 m/s unasogea karibu sentimita 11 kwa kila fremu, kwa hiyo mita mbili ni fremu 18 au 19. Ndani ya mita hizo mbili hewa inakuwa imeiba chini ya asilimia 3. Gawanya umbali kwa muda, zidisha kwa tungamo, umemaliza. Rula usiitafute mbali: mpira wenyewe una kipenyo cha sentimita 22, upime kwenye picha hiyo hiyo.

Simu ikae ubavuni, pembe mraba na njia ya mpira, na isimame mbali kidogo. Ukiiweka karibu, mpira wa katikati ya picha na wa pembeni ya picha hauna ukubwa sawa na vipimo vinapinda. Na mpira upime kwenye mizani, usiandike 0.43 kwa sababu umeisoma humu. Wa mazoezi uliochoka na wa mechi havifanani.

Ukiweza fanya zote mbili kwa teke moja: video ya mwanzo, na mita na sekunde za mwisho. Tofauti ya majibu mawili ndiyo hewa. Ripoti yako itakuwa na kitu cha kusema.

Straika_Mstaafu

Na mimi nina swali sasa, msinicheke. Mguu wangu ulikuwa unapiga kwa kilo ngapi?

MizaniMbili

Hatukucheki kaka, ni swali zuri, ila linatutoa kwenye kitu tunachokijua vizuri na kutupeleka kwenye kitu tunachokijua vibaya. Tukichukua msukumo wa 11 N·s na muda wa kugusana wa sekunde 0.01, kani ya wastani ni 1,100 N. Ni sawa na uzito wa kitu cha kilo 112.

Lakini huo ni wastani. Mguu unapogusa, kani inaanza sifuri, inapanda mpira unapobonyea, inashuka mpira unapojirudisha. Kama umbo lake ni la nusu wimbi la saini (sine ya hesabu), kilele ni mara 1.57 ya wastani, yaani karibu 1,700 N. Na usijaribu kuupima ule muda kwa simu. Fremu 240 kwa sekunde maana yake kila fremu ni milisekunde 4.2, kwa hiyo tukio zima la kugusana linaingia kwenye fremu mbili au tatu. Ukihesabu mbili badala ya tatu, kani yako imeruka kwa nusu. Ndiyo uzuri wa msukumo: haujali kani ilipanda vipi wala kwa muda gani, unatoa jumla tu.

Straika_Mstaafu

Kilo 112 kwa wastani! Ndiyo maana kidole gumba hakijanisamehe hadi leo.

PembeNyoofu

Swali la mwisho kabla sijaenda kuandaa jaribio. Vipi kama mpira haujatulia? Mfano mtu anaupiga ukiwa unamjia.

MizaniMbili

Hapo ndipo wengi wanaanguka, kwa sababu wamezoea kuandika msukumo = tungamo × kasi ya kutoka. Ile ilikuwa sahihi kwa sababu tu kasi ya mwanzo ilikuwa sifuri. Sasa unatoa vekta kwa vekta.

Mpira unakujia kwa 10 m/s, unaurudisha ulikotoka kwa 20 m/s. Badiliko si 10, ni 30, kwa sababu kwanza umeusimamisha, ndipo ukaugeuza. Msukumo ni 0.43 × 30 = 12.9 N·s. Mpira huo huo ukija kutoka ubavuni, nyuzi 90 na unakoupeleka, badiliko ni kipeuo cha pili cha (10² + 20²), yaani 22.4 m/s, msukumo 9.6 N·s. Ukiwa unaukimbilia mpira unaokukimbia kwa 5 m/s na ukauongeza hadi 20, badiliko ni 15 tu, msukumo 6.45 N·s. Mpira umeondoka kwa kasi ile ile ya 20 mara zote tatu, na angani njia yake itakuwa ile ile kama pembe ni moja.

PembeNyoofu

Kwa hiyo nikipima mita na sekunde za hizo tatu nitapata jibu moja?

Kokotoa

Ndiyo, na kwa mbili kati ya hizo utatoa msukumo mdogo kuliko wa kweli, kwa moja utatoa mkubwa kuliko wa kweli. Safari ya angani inakumbuka kasi ya kutoka tu, haikumbuki mpira ulikuja vipi. Kwa mpira unaotembea lazima uwe na fremu chache za kabla ya mguu kugusa, upime kasi ya kuingia na mwelekeo wake, ndipo utoe. Kwa jaribio lako la kwanza uweke chini utulie.